Kupasuliwa Mara Moja au kwa Awamu? Ngozi Inayobaki Baada ya Mwili Kupungua

Fundi cherehani aletewapo gauni linalompwaya mwenyewe, hulipunguza kiunoni, kifuani, mikononi na katika pindo, na kazi yote huweza kuimaliza kwa usiku mmoja. Gauni halitoki damu, halipotezi joto, wala halitakiwi kuamka kesho yake na kutembea. Lakini iko hali ambayo ngozi ya binadamu humpwaya yeye mwenyewe, na daktari mpasuaji akatakiwa kufanya kazi inayofanana na ya fundi huyo. Swali linalomkabili ni hili: je, apunguze sehemu zote kwa siku moja, au azigawe kwa awamu? Jibu lake halimo katika ufundi wa kushona peke yake, bali pia katika elimu ya viumbe, fizikia na hesabu.

Mwili unapopungua

Hali hiyo huwapata watu waliopunguza uzito mwingi. Mathalani, mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 150 ana uwiano wa uzito na urefu wa 51.9, yaani 150 ikigawanywa kwa 1.70 × 1.70. Uwiano wa 30 au zaidi huhesabiwa kuwa unene wa kupindukia. Mtu huyo akipungua hadi kilo 80, uwiano wake hushuka hadi 27.7. Moyo wake hupata nafuu na magoti yake hupunguziwa mzigo. Hata hivyo, kilo 70 zilizoondoka zimeuacha mfuko uliokuwa umezibeba.

Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza kutumia upasuaji unaotenga sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, ili chakula kipite katika kifuko kidogo na kuingia moja kwa moja katika utumbo mwembamba. Njia hiyo na nyingine zilizoifuata ziliwawezesha watu wengi kupungua kwa makumi ya kilo. Siku hizi zimeongezeka dawa za sindano. Katika jaribio kubwa la dawa ya semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, waliotumia dawa hiyo walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao katika majuma 68. Kadiri njia za kupungua zinavyoongezeka, ndivyo na swali la ngozi linavyozidi kuulizwa.

Kwa nini ngozi hairudi

Tabaka la ndani la ngozi limejengwa kwa nyuzi za aina mbili kubwa. Nyuzi za kolajeni huipa ngozi nguvu ya kutochanika, na nyuzi za elastini huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Kila mtoto aliyechezea manati anajua kwamba mpira ukivutwa na kuachiwa hurudi, lakini ukifungwa ukiwa umevutwa kwa muda mrefu hulegea usirudi tena. Ngozi iliyotanuliwa kwa miaka mingi hupatwa na jambo kama hilo: nyuzi zake nyingi zimekatika au zimepoteza mpangilio. Mazoezi ya viungo hukuza misuli iliyo chini yake, lakini hayawezi kuziunga nyuzi hizo.

Si suala la urembo tu. Ngozi iliyoning'inia hujikunja, na ndani ya mikunjo jasho halikauki. Mahali penye joto na unyevu ni shamba zuri la kuvu na bakteria, kwa hiyo vipele na vidonda hurudi kila mara. Mikunjo mizito ya tumbo na mapaja humzuia mtu kutembea vizuri, na hivyo humnyima mazoezi anayoyahitaji ili asinenepe tena.

Kisu na mshono

Kuondoa ngozi ya tumbo si jambo jipya. Mwaka 1899 Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, alimwondolea mgonjwa mmoja kipande cha ngozi na mafuta chenye uzito wa gramu 7,450. Tatizo lililobaki kwa miaka mingi lilikuwa namna ya kushona. Ngozi ikibebeshwa mvuto wote peke yake, kovu hupanuka na sehemu iliyoinuliwa huporomoka tena. Mwaka 1991 Ted Lockwood, mpasuaji wa Kansas, alieleza utando imara unaopita ndani ya mafuta chini ya ngozi, akaonyesha kwamba mshono ukishika utando huo, ndio utakaobeba mvuto na ngozi itapumzika. Kutokana na maarifa hayo iliwezekana kuinua kwa pamoja tumbo, kiuno na matako kwa mkato mmoja unaozunguka mwili kama mshipi.

Hapo ndipo hamu ya kuunganisha ilipokua. Mtu aliyepungua sana huweza kuhitaji kurekebishwa tumbo, kiuno, matiti, mikono na mapaja. Akifanyiwa yote kwa pamoja hulazwa kwa nusukaputi mara moja tu, hukosa kazi kwa kipindi kimoja, na gharama hupungua. Ni dhahiri kwa nini wagonjwa wengi huliomba hilo. Lakini mwili nao una bajeti yake.

Bajeti ya mwili

Jambo la kwanza ni damu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kila mkato hupoteza kiasi, na mikato mirefu mitano hujumlishwa katika akiba ile ile moja. Isitoshe, mtu aliyekatwa mfuko wa tumbo huweza kuwa na upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12, maana chakula kimeruka sehemu zinazosaidia kuvipata, na huenda akaingia chumba cha upasuaji akiwa tayari na damu pungufu. Protini nayo ikiwa haba, vidonda huchelewa kupona.

La pili ni joto. Dawa ya usingizi huuzuia mwili kutetemeka na kubana mishipa ya ngozi, na mgonjwa amelala akiwa wazi sehemu kubwa ya mwili. Mwaka 1996 Andrea Kurz na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Kati ya walioachwa wapoe hadi nyuzi 34.7 za Selsiasi hivi, asilimia 19 walipata maambukizo ya kidonda. Kati ya waliopashwa joto hadi nyuzi 36.6, ni asilimia 6 tu. Kila saa inayoongezwa ni nafasi nyingine ya joto kupotea. Hii ni sababu mojawapo ya wapasuaji wengi kujiwekea mpaka wa muda wa saa 6 hivi, na ya vikosi viwili kufanya kazi kwa wakati mmoja panapohitajika.

La tatu, na la kuogopwa kuliko yote, ni damu kuganda ndani ya vena za miguu. Yapo mambo matatu yanayosababisha hali hiyo, ambayo huitwa kwa jina la Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, mishipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Upasuaji mrefu huyaleta yote matatu. Donge likichomoka huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua kwa muda mfupi. Kinga mojawapo ni mgonjwa kuamka na kutembea mapema. Aliyepasuliwa mikono na mapaja kwa siku moja hana mkono wa kujiinulia wala mguu wa kusimamia bila maumivu makali.

La nne ni mvuto. Mshono wa tumbo huvuta ngozi upande wa chini, na mshono wa mapaja huivuta upande wake. Nguvu mbili zikivutana kinyume katika eneo moja, mshono huweza kufumuka au damu isifike kwenye kingo za kidonda. Kwa sababu hiyo wapasuaji hukwepa kuunganisha operesheni zinazopingana kwa mvuto.

Mjadala wa Pittsburgh

Mwaka 2004 Dennis Hurwitz wa mji wa Pittsburgh, Marekani, alichapisha maelezo ya kunyoosha mwili mzima katika kikao kimoja kwa wagonjwa waliochaguliwa. Mwaka 2010 wataalamu wa mji huo huo walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 600. Waliona kwamba aliyefanyiwa operesheni nyingi pamoja alipata matatizo mengi zaidi kwa jumla, lakini matatizo yakihesabiwa kwa kila operesheni, hayakuongezeka.

Matokeo hayo yanaweza kueleweka kwa hesabu ya darasani. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kila mshono una nafasi 1 kati ya 10 ya kufumuka. Uwezekano wa mishono minne kupona yote ni 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.6561. Basi mtu mwenye mishono minne ana uwezekano wa asilimia 34 hivi wa kufumukwa na angalau mmoja. Na kama angepasuliwa kwa siku nne tofauti, hesabu ingekuwa ile ile.

Hata hivyo, hesabu hiyo inahusu vidonda tu. Mshono uliofumuka unaweza kutunzwa mpaka ukapona. Damu, joto na donge la mapafuni havihesabiwi kwa mshono, bali kwa mwili mmoja uliolala juu ya meza. Hapo ndipo mpaka ulipo, nao hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kijana mwenye damu ya kutosha na uwiano ulio chini ya 30 anaweza kuhimili operesheni mbili au tatu kwa pamoja, ilhali mwingine hastahili zaidi ya moja.

Kwa kawaida mgonjwa husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya kukatwa mfuko wa tumbo, mpaka uzito wake utulie kwa miezi kadhaa. Awamu ya kwanza mara nyingi huwa tumbo na kiuno, na baada ya angalau miezi mitatu hufuata zilizosalia. Anayetaka kumaliza yote kwa siku moja ana sababu zake, nazo ni za kweli. Lakini wahenga walisema kuwa mtaka yote hukosa yote, na katika chumba cha upasuaji kinachoweza kukosekana si gauni, ni uhai.