Maarifa ya Kiwandani Yasiishie Langoni

Ndugu msomaji, chukua daftari lako. Andika namba hizi mbili: 135 na 153.

Zitazame vizuri. Tarakimu ni zilezile: moja, tatu na tano. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa. Lakini kwa mtu anayetengeneza sabuni, namba hizi zina tofauti kubwa. Moja inampa sabuni nzuri ya kuogea. Nyingine inampa sabuni inayochubua ngozi ya mtoto.

Makala hii inaeleza kwa nini kila mfanyakazi wa kiwanda, hata kiwanda kidogo, anapaswa kujua kusoma namba hizo. Inaeleza pia kwa nini akishajua, asikae na maarifa hayo peke yake.

Viwanda vyetu vya michikichi

Buzebazeba ni kata katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Kigoma unajulikana kwa michikichi. Tunda la mchikichi ni mali mara mbili. Nyama ya nje hutoa mawese, yale mafuta mekundu tunayoyajua. Kokwa ya ndani huitwa mise, nayo hutoa mafuta ya aina nyingine. Mafuta hayo hupikiwa chakula. Hutengenezewa sabuni pia.

Mtu akisikia neno kiwanda, hufikiria jengo kubwa lenye bomba refu la moshi. Lakini kiwanda kinaweza kuwa banda moja lenye mashine ya kukamulia, mapipa, mizani na watu wachache. Watu hao ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine wote. Wanahitaji ujira wao, usalama wao na elimu yao.

Mwaka 1973 serikali iliunda shirika la kusaidia viwanda vidogo, yaani SIDO. Shirika hilo lina ofisi mikoani, Kigoma ikiwemo. Kazi yake moja ni kufundisha wananchi ufundi wa namna hii.

Hesabu ya sabuni

Sabuni hupatikana kwa kuchanganya mafuta na maji yenye kostiki soda. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 142 za kostiki soda ili mafuta yote yageuke kuwa sabuni. Mafundi hupunguza kidogo. Huweka karibu gramu 135. Kwa njia hiyo mafuta kidogo hubaki ndani ya sabuni na kuifanya iwe laini kwa ngozi.

Sasa tuseme mfanyakazi amesoma vibaya. Badala ya 135 amepima 153. Soda imezidi. Hakuna mafuta ya kutosha kuimaliza soda hiyo. Inabaki ndani ya kipande cha sabuni. Kwa macho huioni. Sabuni ina sura nzuri na inatoa povu. Lakini mama akimwogeshea mtoto wake, ngozi inawasha na kuchubuka. Mteja huyo harudi tena, na habari zinaenea sokoni.

Hapo kosa si la uvivu wala si la hila. Ni kosa la kusoma. Na dawa ya kosa la kusoma ni kisomo.

Katika sehemu nyingi za kazi ndogondogo, mtu mmoja tu ndiye anayesoma mizani. Akiugua au akisafiri kwenda msibani, wenzake hukadiria kwa macho au kwa kopo. Kiwanda kinachotegemea macho ya mtu mmoja ni kama mtumbwi wenye kafi moja. Kafi hilo likianguka majini, wote wanabaki katikati ya ziwa.

Walimu walitoka miongoni mwetu

Jambo la mfanyakazi kumfundisha mwenzake si geni katika nchi yetu.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 7 kati ya kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zilianza kwa nguvu: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Rungwe. Baadaye kazi ilienea nchi nzima.

Walimu wa shule wasingetosha. Kwa hiyo waliitwa watu wa kujitolea. Mtu aliyemaliza shule ya msingi alimfundisha baba yake. Karani alimfundisha mlinzi. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, barazani au kwenye ofisi ya kijiji.

Viwanda navyo havikuachwa. Mwaka 1973, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, lilitolewa agizo kwamba mahali pa kazi pawe na mpango wa elimu kwa wafanyakazi. Mfanyakazi alipaswa kupewa nafasi ya kusoma.

Matokeo yalionekana. Mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua hadi watu wapatao 39 kati ya 100. Mwaka 1986 walikuwa chini ya 10 kati ya 100.

Lakini kisomo ni kama shamba. Usipolipalilia, magugu hurudi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika walikuwa takriban watu wazima 78 kati ya 100. Yaani zaidi ya 20 kati ya kila 100 walikuwa hawajui. Kazi waliyoianza wazee wetu inahitaji kuendelezwa na sisi.

Ubao wa habari za kazi

Kiwanda kidogo kinaweza kuanza na kitu rahisi: ubao. Ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi na kipande cha chaki vinatosha. Uwekwe mahali ambapo kila mtu anapita.

Nini kiandikwe hapo? Ziandikwe habari za wafanyakazi wenyewe. Nani yuko zamu leo. Nani amejifungua salama. Nani amefiwa, na tutakwenda kumpa pole siku gani. Siku ya mshahara ni lini. Kiandikwe pia kipimo cha soda kwa kila kilo ya mafuta, kwa namba kubwa. Ikitokea ajali, hata ndogo, iandikwe ilitokeaje, ili mwingine asiirudie.

Mtu anayejifunza kusoma huchoka haraka kwa maneno yasiyomhusu. Lakini jina lake likiwa ubaoni, atalitafuta. Habari ya mshahara ikiwa ubaoni, atajitahidi kuisoma hadi mwisho. Kila siku mfanyakazi mwingine aisome habari kwa sauti mbele ya wenzake. Baada ya miezi michache, kiwanda hakitakuwa na msomaji mmoja tu wa mizani.

Maarifa yavuke lango

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mfanyakazi amejua hatari za kostiki soda. Je, jirani yake anazijua?

Kostiki soda ni nyeupe. Magadi nayo yanaweza kuwa meupe. Tuseme jirani amekuja jioni na kusema, "Dada, nigawie magadi kidogo nichemshie maharage." Mtoto aliyebaki nyumbani anafungua kopo lisilo na maandishi na kumpa kostiki soda. Hapo ni hatari ya kifo. Kostiki soda huunguza mdomo, koo na tumbo.

Kwa hiyo, wafanyakazi wa sabuni wana zawadi ya kuwapa majirani zao bila kutoa hata senti moja. Zawadi hiyo ni maarifa haya:

Kwanza, kostiki soda si magadi. Ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungiwe mbali na watoto. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Pili, anayechanganya avae mipira ya mikono na miwani ya kazi. Asimame mahali penye hewa, upepo ukimtokea mgongoni.

Tatu, soda huwekwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya soda. Ukimimina maji juu ya soda, mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Nne, usitumie sufuria ya alumini. Soda huila alumini na kutoa hewa inayoweza kuwaka moto.

Tano, soda ikikurukia kwenye ngozi au jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20. Kisha nenda hospitali. Aliyemeza asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja.

Maneno haya hayatoshi kumfundisha mtu kutengeneza sabuni. Anayetaka kuanza aende kwanza kwa fundi au kwa SIDO. Lakini yanatosha kuokoa jicho la mtu.

Kuna zawadi nyingine. Mwezi Mei mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, mwambao wa ziwa kaskazini mwa mji wa Kigoma. Meli ya Liemba ilifanya kazi kubwa ya kuwasafirisha. Kipindupindu kikazuka. Watu wapatao 3,000 waliugua na 31 walikufa katika siku chache. Mwaka huohuo ugonjwa ulienea katika mikoa mingi. Ndiyo sababu tarehe 9 Desemba 2015, siku ya Uhuru, wananchi walishika mafagio na majembe badala ya kwenda kutazama gwaride.

Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji machafu, chakula na mikono isiyooshwa. Nani anafaa zaidi kufundisha kunawa mikono kuliko mtu anayetengeneza sabuni? Wafanyakazi wanaweza kwenda shuleni siku moja kwa mwezi. Waonyeshe watoto kunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Waeleze umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa. Vipande vya sabuni vilivyovunjika, ambavyo haviuziki lakini ni vizuri, vinaweza kuachwa shuleni.

Wanaweza pia kusafisha mtaro unaopita kando ya kiwanda. Maji machafu ya kukamulia mawese yasielekezwe kwenye kijito. Uchafu huo ukioza majini, hupunguza hewa ambayo samaki wanaihitaji. Kijito huingia ziwani, na ziwani ndiko tunakopata dagaa na migebuka.

Kujitolea si kunyonywa

Hapa lazima tuseme wazi. Kujitolea ni hiari. Mwajiri asimwambie mfanyakazi, "Leo tunajitolea," halafu akampa kazi ya kiwanda bila malipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya hapo hulipwa saa hizo kwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mipira ya mikono na miwani si fadhila. Ni wajibu.

Kujitolea kwa kweli hutokea mahali ambapo mfanyakazi ameshapewa haki yake. Mtu aliyelipwa vizuri na kulindwa vizuri hutoa saa yake moja kwa moyo mweupe. Mwajiri mwenye busara atachangia: atatoa chaki, atatoa sabuni, naye mwenyewe atashika fagio.

Je, kiwanda kinapata nini? Kinapata majirani wanaokiamini. Kinapata wateja wanaojua sabuni yake ilipimwaje. Kinapata wafanyakazi wanaojua kazi yao zaidi, kwa sababu anayefundisha hujifunza mara mbili.

Wewe unayesoma makala hii, yupo aliyekufundisha a, e, i, o, u. Huenda hakulipwa, au alilipwa kidogo sana. Deni hilo halilipwi kwake. Linalipwa kwa yule anayekufuata, ambaye bado anaangalia mizani na kukisia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mahali mnapofanya kazi, ni watu wangapi wanaoweza kusoma mizani bila kusaidiwa?

2. Nyumbani kwenu kuna chombo chochote chenye dawa au kemikali kisicho na maandishi? Mtafanya nini leo?

3. Mkiwa na ubao wa habari, habari tatu za kwanza mtakazoandika ni zipi?

4. Kuna tofauti gani kati ya kujitolea na kufanyishwa kazi bila malipo?

5. Fanyeni hesabu: ikiwa kilo 1 ya mawese inahitaji gramu 135 za soda, kilo 4 zinahitaji gramu ngapi? (Jibu: gramu 540.)