Mkate wenye mboga juu ni staftahi bora kwa watoto

KATIKA nyumba nyingi nchini, staftahi ni chai yenye sukari na slesi mbili za mkate mweupe. Mlo huu haukai tumboni. Unga uliokobolewa na sukari humeng'enywa upesi, na ifikapo saa nne mtoto aliye darasani tayari ana njaa na hamsikilizi mwalimu wake.

Njia moja rahisi ya kuuboresha mkate huo ni kuupanga mboga mbichi juu, bila kuufunika kwa slesi nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Si rahisi kufikia kiasi hicho ikiwa mboga huonekana mezani usiku pekee.

Kwa walaji wawili, tayarisha slesi 4 za mkate, ikiwezekana wa ngano isiyokobolewa, parachichi 1 lililoiva, nyanya 2 ngumu, karoti 1, nusu ya tango, nusu ya kitunguu, dania kidogo, nusu ya ndimu na chumvi.

Anza kwa usafi, kwani mboga hizi hazipikwi. Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha kila kitu kwa maji safi yanayotiririka, hata parachichi, maana kisu huingiza uchafu wa ganda ndani. Usitumie ubao uliokatiwa nyama mbichi kabla ya kuuosha kwa sabuni.

Wengi huupanga mkate huu ovyo, ukalowa na kumeguka mkononi, na watoto wakaukataa. Maji ya nyanya ndiyo chanzo. Kwa hiyo, kausha slesi kwenye kikaango kisicho na mafuta, dakika moja au mbili kila upande, hadi zigeuke rangi ya kahawia. Kata nyanya, ondoa mbegu na majimaji, kisha ukate vipande vyembamba. Paruza karoti, na ukate tango na kitunguu.

Ponda parachichi kwa uma pamoja na maji ya ndimu, ambayo hulizuia kuwa jeusi upesi. Lipake hadi kwenye kingo za slesi. Mafuta yake huzuia maji ya mboga kupenya. Isitoshe, mafuta hayo huusaidia mwili kufyonza karotini iliyomo katika karoti, ambayo hugeuzwa kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga ya mwili.

Juu ya parachichi panga tango, kisha nyanya, kitunguu, karoti na dania. Chumvi inyunyizwe mwisho kabisa, wakati wa kula, kwa sababu huvuta maji kutoka kwenye mboga. Anayetaka mlo ukae zaidi tumboni aongeze vipande vya yai lililochemshwa.

Mkate huu uliwe papo hapo. Usimfungie mtoto aende nao shuleni, kwani mboga zilizokatwa hazifai kukaa kwenye joto kwa zaidi ya saa mbili. Ikiwa asubuhi huwa na haraka, osha mboga jioni, zikaushe na uzihifadhi zikiwa nzima. Kazi ya asubuhi itakuwa kukata na kupanga tu.