Treni Bado Imo Kwenye Boksi

Huu ni mwezi wa nane boksi liko juu ya kabati la chumbani. Ndani mna kichwa cha treni ya modeli, cha mtumba, asili yake Uswisi, kifupi kuliko mkono wa mtoto. Mke wangu ameacha kulifuta vumbi.

"Baba Mghoi," huniambia, "hiyo treni yako inangoja abiria gani?"

Inangoja banda. Nyuma ya nyumba yetu hapa Uingereza tulikuta banda la mbao la futi 10 kwa 8, la kuwekea majembe na baiskeli mbovu. Humo nataka kuijenga stesheni ya Voi ya enzi za East African Railways, pale reli ya Taveta inapochepuka kutoka njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Waingereza wengi wenye mapenzi haya wana mabanda kama langu, na jirani yangu mzee, mwenye treni zake tangu utotoni, alinionya mapema: ukitandika reli kabla ya kulitengeneza banda, utazing'oa. Sikumsikia.

Kwanza niseme kwa nini Uswisi. Reli yetu ya zamani, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Reli nyingi za milimani kule Uswisi ni hivyo hivyo. Mita hiyo ukiigawa kwa 87, kipimo kinachopendwa Ulaya bara, unapata milimita 11 na nusu. Madukani zipo za milimita 12, zilizotengenezewa treni za Waswisi, na mimi sina ugomvi na nusu milimita. SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ingekuwa kazi nyepesi zaidi: milimita 1,435 ukizigawa kwa 87 unapata 16.5, na reli za upana huo zimejaa kila duka. Lakini mimi nimelelewa na mlio wa treni ya mita.

Kwa kipimo hicho ukuta wangu mrefu, mita 3 hivi, ni sawa na mita 260 za kweli. Garratt moja ya daraja la 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke, zile 34 zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima yetu, ilikaribia mita 32, kwa hiyo kwangu itakuwa na sentimita 36 na ushei. Iongezee mabehewa saba, nusu ya ukuta imekwisha. Voi yangu itakuwa Voi ya kukatwa, kama picha iliyopunguzwa kingo.

Sasa kosa langu. Majira ya baridi yaliyopita niliingiza jiko la gesi bandani, nikafunga mlango, nikaunda meza ya kwanza kwa raha zangu. Asubuhi nilikuta misumari ya paa imening'iniza matone, kila mmoja na lake, na plaiwudi imepinda kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na pumzi yangu iliongeza wake. Hewa yenye joto hubeba maji mengi. Ikigusa ubao wenye baridi huyatema hapo hapo. Paa halikuwa linavuja. Mvua niliileta mimi mwenyewe.

Nikabomoa. Nikaanza chini: banda lililala udongoni, basi tulilinyanyua kwa mtaimbo, tukaweka matofali ili upepo upite chini ya sakafu. Kisha paa likapata lami mpya. Baada ya hapo kuta, na hapa ndipo pesa na wikendi zangu zilipoishia. Kutoka nje kuja ndani: mbao za zamani, nafasi ya sentimita mbili na nusu ya hewa kupita, mbao za povu gumu la kuzuia joto zenye unene wa milimita 50, karatasi ya nailoni iliyozibwa viungo vyote kwa tepu, ndipo plaiwudi. Nailoni lazima ikae upande wa ndani, wenye joto, izuie mvuke kabla haujaufikia ubaridi. Ukiiweka nje umejenga chupa, na wewe ndiwe maji.

Umeme sikuugusa. Fundi mwenye cheti alizika waya wenye ala ya chuma kutoka nyumbani, akafunga swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Jiko la gesi nililigawa, nikaweka hita ndogo ya umeme.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi kwenye magenge ya reli hadi akastaafu, nilimpigia simu kumweleza haya. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Mjomba, hilo ni banda la treni au la kuku wa kizungu?" Halafu akaniuliza swali la maana: nimeacha nafasi kwenye viungo? Kwao reli isiyoachiwa mwanya hupinda jua likiwaka. Nilipiga hesabu. Reli za modeli ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na bandani joto laweza kutoka nyuzi 0 Januari hadi 35 Julai. Mita 3 za reli zitarefuka karibu milimita 2, ambazo kwa treni yenye magurudumu ya ukubwa wa kifungo cha shati ni korongo. Nitaacha mianya, na mlio wa viungo ndio nilioufuata tangu mwanzo.

Meza mpya zina kimo cha mita 1.1, jicho liione treni kama mtu aliyesimama jukwaani, na upana wa sentimita 60, kwa sababu mkono wangu haufiki zaidi ya hapo bila kiwiko kubomoa mlima. Mlangoni nimeweka kipande cha meza chenye bawaba, kinachoinuliwa mtu apite. Mke wangu amekataa katakata kuinama.

Ukutani nimetundika kipima unyevu. Wiki nzima kimesimama kwenye asilimia 58. Jana usiku nilikitoa kichwa cha treni kwenye boksi, ambacho siku moja kitapakwa rangi ya damu ya mzee, nikakiweka juu ya meza tupu, nikaweka pimamaji kando yake. Nilikitazama kidogo. Kisha nikakirudisha ndani, juu ya kabati.