Mtoto akitaka kupuliza rangi, anza na rangi yenyewe

BUJONDE, Kyela. Masika yakishajaza mitaro na majaruba ya mpunga, watoto wa Bujonde hawahitaji kwenda mbali kutafuta bandari. Kila kipande cha mti laini kinakuwa chombo. Wengine wanachonga mitumbwi kama ya wavuvi wa usipa, na wenye makuu zaidi wanataka MV Mbeya II, meli ya abiria ya Ziwa Nyasa, na sitaha zake na madirisha yake yote. Vyumba vinatoka kwenye boksi, bomba la moshi kwenye kalamu iliyokwisha wino.

Kazi inaharibika kwenye rangi. Brashi ya dukani inaacha michirizi, rangi inajaa kwenye madirisha yaliyochongwa kwa wembe, na meli ya wiki nzima inaonekana imepakwa tope. Ndipo mtoto anapokumbuka alichoona kwenye simu: kifaa chembamba kama kalamu nene, chenye mpira wa upepo chini na kikombe kidogo cha rangi juu, kinachotoa ukungu mwembamba usio na alama ya brashi. "Baba, nataka ile."

Hiyo ni brashi ya hewa. Ni ndugu mdogo wa bunduki ya rangi ya gereji, ila bunduki inapaka mlango wa gari na hii inaweza kuchora mstari mwembamba kama wa kalamu. Si kitu kipya. Mmarekani Abner Peeler alikuwa na chake mwaka 1879, na miongoni mwa kazi za mwanzo za kifaa hicho ilikuwa kurekebisha picha. Leo wanaitumia wapambaji wa keki, wa kucha na wanaotengeneza ndege na meli ndogo za maonyesho.

Mzazi mwenye uwezo hukimbilia kuuliza bei ya kifaa. Angeuliza kwanza ni rangi gani itapita ndani yake, kwa sababu rangi ikishapulizwa haibaki kwenye mbao tu. Inaelea hewani, na aliye karibu nayo zaidi ni mtoto aliyeinamia meli yake ili asikosee dirisha.

Rangi ya kuogopwa kuliko zote ni ile ya magari inayochanganywa na kikaushio chake kabla ya kupulizwa. Vingi vya vikaushio hivyo vina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumletea mtu pumu, na aliyekwisha kupata mzio nazo anaweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Fundi anayezijua huvaa vifaa maalumu. Mabaki yake kwenye kopo, hata yakitolewa bure na gereji ya jirani, si zawadi ya mtoto.

Rangi ya mafuta nayo inataka thina, na mvuke wa thina unaumiza kichwa na kushika moto upesi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ulipo mkaa au kibatari. Makopo ya zamani yana hatari nyingine: rangi nyingi za mafuta, hasa nyekundu, njano na chungwa, zilitengenezwa kwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kopo lililokaa stoo miaka mingi lisipulizwe, na mbao iliyowahi kupakwa rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu.

Inabaki rangi ya maji. Akriliki ya wachoraji ndiyo bora. Hata rangi ya maji ya ukutani inakubali, mradi iongezwe maji mpaka iteremke kwenye kikombe kama maziwa, kisha ichujwe kwa soksi nyepesi ya nailoni, maana chembe zake ni kubwa na zitaziba tundu. Nayo isipulizwe chumbani. Ukungu wake ni vumbi la rangi, kwa hiyo mtoto akae nje au barazani, upepo ukitoka mgongoni, na avae barakoa ya kuzuia vumbi inayobana vizuri usoni. Kitambaa cha khanga hakitoshi. Kwa mvuke wa thina hata barakoa hiyo haisaidii. Inatakiwa yenye vichujio vya mkaa maalumu, na hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Baada ya rangi ni upepo, na hapa Kyela ina shida yake. Joto na unyevu wa kando ya ziwa vinafanya kompresa ikusanye maji ndani. Hewa ikibanwa na kupoa, maji hutengana nayo, yanasafiri kwenye mpira na kutoka na rangi kama mate. Mtoto anadhani mkono wake ndio mbaya. Kompresa inayofaa iwe na tenki, geji, kirekebisha upepo na kichujio cha maji. Tenki lifunguliwe chini kila baada ya kazi, maji yatoke. Zile ndogo za saluni, hasa za kuchaji, zinavumilia umeme kukatika, lakini upepo wake ni mdogo na unadundadunda. Zinatosha kwa kujifunza.

Njia nafuu ipo, nayo ni ya zamani: tairi la akiba la gari. Fundi pancha analijaza, mpira wenye kiungio cha kubana kwenye valvu unaunganishwa, na brashi inapata upepo mtulivu usio na kelele. Unaisha baada ya muda mfupi, lakini meli ndogo haitaki mwingi. Kinachokosewa ni kuchomeka brashi moja kwa moja kwenye kompresa ya fundi bila kirekebisha upepo. Upepo wa kupuliza mfano ni psi 15 hadi 20 tu. Ule wa kujaza matairi ni mara kadhaa ya huo. Na upepo, uwe mdogo au mkubwa, usielekezwe kwenye jicho, sikio wala ngozi ya mwenzake. Watoto wataona ni mchezo.

Kuhusu brashi yenyewe, usichanganyikiwe na wingi wa aina. Yenye kitufe cha hatua mbili, kukandamiza kwa upepo na kuvuta nyuma kwa rangi, ni ngumu wiki ya kwanza na nzuri miaka yote inayofuata. Kikombe kiwe juu, rangi iteremke yenyewe. Tundu la milimita 0.3 linafaa kwa akriliki. Kwa rangi ya ukutani litafutwe la 0.5. Ndani mna sindano ndefu yenye ncha kali, kwa hiyo mtoto wa miaka sita asiachiwe peke yake. Ncha hiyo ikipinda hata kidogo mstari nao unapinda.

Mazoezi yaanze kwenye gazeti la zamani. Upepo utangulie, rangi ifuate, rangi ikatwe, ndipo upepo ukatwe. Mkono uende bila kusimama. Matabaka matatu mepesi, kila moja likikauka kabla ya jingine, yanashinda tabaka moja zito linalotiririka. Madirisha yafunikwe kwa selotepu ya karatasi. Kikombe kikiisha, maji safi yapulizwe hapo hapo, kwa kuwa akriliki iliyokauka ndani ndiyo inayoua brashi nyingi.

Kama nyumbani kuna thina kwa kazi nyingine, isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Akiinywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aone alichokunywa.

Meli itakayoelea inahitaji vanishi juu ya rangi, la sivyo mtaro utairudisha kuwa mbao. Vanishi ya mafuta ipakwe na mzazi, kwa brashi ya kawaida, nje. Mwenye meli ataomba aijaribu jioni hiyo hiyo. Kwa unyevu wa Kyela, ikiwa kidole bado kinanata kwenye sitaha, ibaki juu ya rafu mpaka jua lipatikane.