Shawa ya umeme na maji ya chumvi: ya kufanya mwenyewe na ya kumwachia fundi

Kusi likishika, kati ya Juni na Agosti, hata sisi wa Pwani ambao watu wa bara hudhani hatuijui baridi, huanza kuyakimbia maji ya alfajiri. Wazee, mzazi aliye ndani ya arubaini, mtu anayetaka kuoga janaba kabla ya Alfajiri: wote wanataka maji ya moto. Zamani yakitelekwa jikoni ukabebewa ndoo. Siku hizi jumba la kupangisha likijengwa Kisauni, Bamburi au Mtwapa, shawa ya umeme imo bafuni tangu siku ya kwanza.

Na shawa hizo huharibika. Wengine humwita fundi wa stima, na wengine, kwa kuona fundi atataka pesa nyingi kwa kazi ya nusu saa, hupanda kiti na bisibisi mkononi. Mimi si mtu wa kusema kila kitu aitwe fundi. Kuna mambo ambayo kumlipa mtu ni kutupa pesa. Lakini ili ujue mpaka uko wapi, lazima kwanza ujue kile kidude kinafanya nini juu ya kichwa chako.

Ndani yake mna chumba kidogo cha plastiki chenye koili. Ukifungua mfereji, msukumo wa maji huinua utando wa mpira, utando hugusanisha umeme, na koili huwaka. Ndiyo maana tangi likiwa chini sana shawa haiwaki, na maji yakija kwa kukatika-katika na hewa ndani yake, koili huungua. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta kama ampea 23. Pasi ya wati 1,000 huvuta kama ampea nne tu. Kwa hivyo yule anayeunga shawa kwenye waya wa soketi anapika waya ndani ya ukuta, polepole, bila mtu kuona.

Sasa sikiliza hili vizuri. Katika shawa nyingi za kawaida, koili imo uchi ndani ya maji. Maji unayoogea yamepita juu ya chuma chenye umeme. Maji yakiwa matamu, umeme unaovuja ni mdogo sana. Lakini sisi tunaoga maji gani? Maji ya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi yakija, alhamdulillah. Yasipokuja tunarudi kisimani, na visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na bahari. Maji yake yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Pia hula koili upesi.

Ndiyo sababu madukani kuna shawa za maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa isiguse maji. Bei yake ni ya juu kidogo, na watu wengi hununua ile ya kawaida. Kama nyumba yako inatumia kisima, hata kwa siku mbili tu kwa wiki, usibishane na muuza duka. Nunua ya chumvi.

Kinga mbili ndizo zinazomlinda mwogaji. Ya kwanza ni athi, ule waya wa kijani na manjano, unaoupeleka ardhini umeme uliovuja usije ukapitia mwilini mwako. Ya pili ni ile breka ambayo mafundi huiita RCD. Hii hupima umeme unaokwenda na unaorudi; ukipotea kiasi cha miliampea 30 njiani, hukata papo hapo. Sakiti breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Yenyewe huulinda waya usiungue, na umeme mdogo kabisa usioweza hata kuistua unatosha kumuua mtu aliyelowa maji.

Tatizo ni kwamba shawa ya koili uchi kwenye maji ya chumvi huikatisha RCD kila mara. Katika nyumba moja niliyopanga, fundi aliyeletwa na mwenye nyumba alitatua jambo hilo kwa kuiondoa RCD yenyewe. Shawa ikafanya kazi, wapangaji wakamshukuru. Wiki ile ile, kila ukishika mfereji huku shawa inawaka unahisi kama sisimizi wanatembea kiganjani. Watu wengi wanaijua hisia hiyo na wameizoea. Wallahi si ya kuzoewa. Sisimizi hao ni umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini ukaanza kuijaribu njia yako.

Basi mwenyewe ufanye nini? Kusafisha matundu yaliyozibwa na chumvi ni kazi yako. Zima meni swichi ya nyumba, si swichi ya bafuni peke yake, kwani nimeona swichi zilizofungwa upande usio sahihi: ukizima, taa yake inazimika lakini umeme bado umo kwenye shawa. Kisha fungua kile kisahani chenye matundu, kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki mkuukuu. Kubonyeza kitufe cha kujaribu RCD mara moja kwa mwezi pia ni kazi yako. Kisipokata, breka hiyo imekufa. Na kuangalia: waya umebadilika rangi? Swichi ina joto, au inanuka plastiki iliyoungua? Hapo zima, uache.

Koili kuna wanaobadilisha wenyewe, na wengine huifunga sawasawa. Mimi singeshauri. Koili ni mia chache, lakini ikikatika mapema mara nyingi kuna sababu nyuma yake, na wewe utakuwa umebadilisha kilichokufa ukakiacha kilichokiua. Mambo ya waya, breka, swichi na athi hayana mjadala, ni ya fundi.

Lakini fundi yupi? Mwenye tesita mfukoni na maneno mengi hatoshi. Kwa sheria, anayefunga umeme nyumbani lazima awe na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe, bila haya. Muulize pia athi ataipima kwa nini. Tesita ya bisibisi itakuambia umeme upo, haiwezi kukuambia kama athi ni nzima. Hiyo inahitaji mita. Swali hili ni zito zaidi kwa nyumba za Mji wa Kale na kwengineko ambako chuma cha athi kimepigiwa kwenye mwamba mkavu, au athi ilikuwa imefungwa kwenye mabomba ya chuma ambayo sasa yamebadilishwa kuwa ya plastiki. Waya wa kijani upo, unaonekana, na hauendi popote.

Mtu akishikwa na umeme bafuni, usimguse. Kimbilia meni swichi. Kama huifikii, msukume kwa ubao au ufagio mkavu, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pakavu.

Na gharama ni ya nani? Kwa maoni yangu matundu na koili ni ya mpangaji, kwa kuwa yeye ndiye mtumiaji. Waya, athi na RCD ni sehemu ya nyumba kama ilivyo paa, na kodi inalipiwa nyumba nzima. Mwenye nyumba akikataa, mwandikie ujumbe kwa simu uuhifadhi, uizime shawa hiyo, na maji yatelekwe jikoni mpaka atakapomleta fundi mwenye leseni.