Muuzaji Nyumba Asiyetaka Kuiona Ripoti

Siku hizi wanunuzi wa nyumba, wa Nyali na hata wa Kisauni, wameanza kuja na fundi wao, na mwenye uwezo huleta injinia. Atagonga kuta, atapanda darini, atafunua shimo la choo, kisha ataandika ripoti. Mara nyingine ripoti ikitoka, mnunuzi huondoka kimya kimya. Hapo dalali humnong'oneza mwenye nyumba: "Mzee, usiiombe hiyo karatasi. Ukishajua, itabidi umwambie mteja anayekuja."

Ushauri huu si wa kwetu peke yetu. Marekani majimbo mengi humtaka muuzaji ajaze fomu ya kasoro anazozijua. California ina fomu hiyo kisheria tangu miaka ya 1980. Kwa kuwa fomu huuliza anachokijua, wako wauzaji wanaokataa kabisa kupokea ripoti ya mteja aliyejitoa. Kenya hatuna fomu kama hiyo. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza kwa jumla humwachia mnunuzi ajiangalilie mwenyewe. Muuzaji akinyamaza, ni vigumu kumshika. Akiulizwa akadanganya, hayo ni mengine.

Na kasoro zenyewe si ndogo. Adui wa nyumba za Pwani ni chumvi. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini, nondo zake hushika kutu ndani ya zege. Kutu huvimba, zege hupasuka, na siku moja kipande cha slabu huanguka juu ya kitanda. Kwa nje waona mstari mwembamba tu, na mkebe mmoja wa rangi huufuta. Nyumba za kale za mawe na chokaa zina boriti za mikoko, na mchwa aweza kuila boriti kwa ndani, nje ikabaki nzima. Bado shimo la choo lililo karibu na kisima: mwamba wetu wa matumbawe hupitisha maji, na ya shimoni hufika kisimani. Anayenunua huenda ni kijana aliyekaa Saudia miaka kumi akimtafutia mamake pa kukaa.

Wengi wetu twaijua hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta maji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu watu wakaona, na Mtume akajitenga na mwenye kughushi. Watu huhifadhi huo mwisho. Mimi huutazama ule mkono, ulivyokwenda chini ya rundo.

Fiqhi yetu ya Kishafii yaenda mbali zaidi. Muuzaji akisema "nauza kama ilivyo, sihusiki na aibu yoyote", Imam Nawawi katika Minhaj aeleza kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba sharti hilo humwokoa kwa aibu iliyofichika ndani ya mnyama, tena asiyoijua. Kwa vitu vingine, hapana. Nyumba si mnyama. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo tangu mwanzo ana khiyari ya kuirudisha, hata kama muuzaji hakuijua. Kwa hivyo ile kinga dalali anayoiuza haipo.

Tena, je, huyu mzee hajui kweli? Ajua injinia alikuja, ajua mteja alikimbia baada ya kusoma. Hajui ni ukurasa gani uliomkimbiza, basi. Kufumba macho mbele ya kitu ni lazima kwanza ujue kitu kiko wapi.

Nakiri wako mafundi wanaokuza mambo ili bei ishuke, na muuzaji ana haki ya kuipinga ripoti. Aisome, alete fundi wake, aionyeshe pamoja na majibu yake, au apunguze bei. Ripoti ni mali ya aliyeilipia, naye halazimiki kuitoa. Lakini akiitoa bure, kuikataa ni jambo jingine.

Kwa anayenunua, kuna swali moja la kuuliza kabla ya kutoa arubuni: "Yupo mteja aliyeleta injinia hapa, kisha akajitoa?" Uliza mbele ya mashahidi, na jibu lake wakili aliandike ndani ya mkataba.