Moyo Umetulia, Dawa Isiachwe

Mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo humwongezea mgonjwa hatari ya kiharusi takriban mara 5. Vyumba vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha kushoto. Bonge likichomoka hufuata mkondo wa damu hadi kwenye ubongo. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba hata tiba ya kuurekebisha mwendo wa moyo yaweza kuleta kiharusi hichohicho.

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa mpapatiko mara nyingi huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo madaktari huingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia kinena, hutoboa ukuta unaotenganisha vyumba vya juu, kisha huunguza au kugandisha nyama inayozunguka midomo ya mishipa hiyo. Damu ikigusana na mrija huo, au na nyama iliyoungua, huelekea kuganda. Hata kiputo cha hewa kikipenya chatosha kuziba mshipa wa ubongo. Kwa hiyo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutiwa muda wote wa kazi. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaopatwa na kiharusi hawafiki 1 kati ya 100.

Zamani wagonjwa waliachishwa warfarini, dawa yao ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, kabla ya tiba kwa kuogopa kuvuja damu. Utafiti uitwao COMPARE, uliochapishwa mwaka 2014, uliipindua desturi hiyo: katika kundi lililosimamishiwa dawa, karibu 5 kati ya 100 walipata kiharusi au dalili zake za kupita, walioendelea nayo hawakufika hata 1.

Kinachonitia hofu zaidi ni siku zinazofuata. Mgonjwa anahisi mapigo yametulia, anaona dawa haina kazi tena, anaiacha. Kumbe chumba cha moyo huweza kuzubaa kwa majuma kadhaa hata mwendo ukiwa sawa, na damu ikazidi kutuama. Ndiyo sababu dawa huendelea kwa angalau miezi 2 baada ya kuunguzwa, na angalau majuma 4 baada ya mwendo wa moyo kurekebishwa kwa umeme, ambayo ni njia nyingine ya tiba. Wenye hatari kubwa huendelea nayo hata baada ya hapo. Mara chache sana, jeraha la kuunguzwa hutoboa hadi kwenye umio, na homa au kiharusi hutokea majuma kadhaa baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako vali nyingi zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, warfarini bado ndiyo dawa ya wenye mpapatiko pamoja na vali iliyobana. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulilithibitisha hilo.

Ndugu msomaji, usiache dawa bila kauli ya daktari wako. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata kwa dakika chache, usingoje kupambazuke: kimbilia hospitali, na useme kwamba umefanyiwa tiba ya moyo.